Nyumba Mpya Inazeeka Kabla Hujahamia

Mpwa wangu ni muuguzi. Kwenye kikao cha familia mwezi uliopita alitueleza kuwa akiba yake ya miaka tisa, ikijumlishwa na mkopo wa kazini, inatosha kununua nyumba ya zamani Temeke: vyumba sita, ukumbi katikati, ua mpana wenye mwembe. Hakuna aliyemuuliza kuta zikoje, wala paa, wala hati. Baba yake mkubwa aliweka kikombe chini akasema, "Hela yote hiyo unakwenda kununulia gofu? Si upate kiwanja, mwanangu, ujenge yako mpya?" Sebule nzima ikaitikia. Kijana akainamisha kichwa, na mimi mjomba wake, ambaye nimeishi nyumba za aina zote mbili, nikanyamaza. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.

Kauli ya yule mzee si yake peke yake. Dar es Salaam nzima inaisema, kazini, msibani, kwenye viti vya daladala. Mwenye akili hanunui nyumba kuukuu. Anatafuta kiwanja Chanika, Chamazi, Kigamboni, Bunju au Kibaha, anajenga kidogo kidogo, na siku moja anahamia kwake. Wanaosema hivyo wana sababu zao, na sitaki kuzipunguza. Wanasema nyumba ya zamani imechoka: nyaya zimezeeka, mabomba yameoza, mchwa wamo kwenye kenchi, kila mwezi utamwita fundi. Wanasema kwa bei ya nyumba moja kuukuu mjini unapata kiwanja kikubwa pembezoni na hela ya kuanzia msingi inabaki. Wanasema anayejenga anaamua mwenyewe sebule ikae wapi na choo kiwe ndani. Na la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote, wanasema nyumba ya zamani karibu kila mara ni ya urithi, na nyumba ya urithi ina watoto wa mke mkubwa, watoto wa mke mdogo, na mjukuu aliyeko Tanga ambaye atajitokeza ukishamaliza kulipa.

Kila moja ya hoja hizo ina chembe ya kweli ndani yake. Zikikusanywa pamoja na kufanywa kanuni, zinazaa uongo, na uongo huo unawala watu wa kipato cha kawaida miaka yao mizuri ya maisha. Nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza: nyumba ya zamani imechoka

Mtu huchoka kwa miaka. Nyumba huchoshwa na maji, mchwa na mwenyewe asiyejali, na hao watatu hawasubiri ifike miaka hamsini.

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, likaua watu 36. Halikuwa kuukuu. Lilikuwa bado linajengwa, zege lake halijapata hata mpangaji wa kwanza. Aprili 2016, Huruma jijini Nairobi, ghorofa lililokuwa limejaa wapangaji lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Nalo lilikuwa na miaka michache tu tangu lijengwe. Ukiwauliza watu wa miji yetu nini kinachowatisha kwenye majengo, watakutajia uzee. Ukihesabu maiti zilizotolewa chini ya vifusi hivyo viwili, utakuta zaidi ya themanini waliuawa na majengo mapya.

Najua nitajibiwa kwa Beit al-Ajaib. Jumba lile la Mji Mkongwe, Zanzibar, lilijengwa 1883, na Desemba 25, 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua watu wawili. Ni msiba, na sitauficha. Lakini mfano huo tuusome wote mpaka mwisho. Jumba hilo lilistahimili mizinga ya manowari za Waingereza mwezi Agosti 1896, wakati kasri la jirani yake likifanywa kifusi. Likaendelea kusimama zaidi ya karne moja mbele ya bahari, kwenye upepo wa chumvi. Lilipoanguka lilikuwa limeshaonyesha dalili kwa miaka: maji yanapenya, veranda zinakatika, sehemu imefungwa kwa wageni, na ukarabati ulikuja limeshadhoofika. Kwangu mimi jumba hilo linatufundisha habari ya bati lisilozibwa. Anayelitumia kama ushahidi dhidi ya miaka 137 anamwacha mhusika halisi aondoke zake.

Tena mafundi wa Mji Mkongwe watakueleza jambo ambalo mashabiki wa upya hawalijui. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Mtu anapozipiga plasta ya saruji ili zionekane za kisasa, unyevu unafungiwa ndani, chokaa inalainika, na ukuta uliodumu vizazi vinne unaanza kumomonyoka. Kinachouharibu ni dawa ngeni uliyopewa kwa kuonewa aibu.

Sasa nije kwenye nyumba za kawaida, hizi za kwetu. Nyumba iliyosimama miaka hamsini Temeke imepitia masika hamsini, na zile mvua za El Niño za 1997 na 1998 juu yake. Udongo wa chini yake ulishatua ukatulia. Ukitaka kujua, tazama ufa. Ufa wa zamani una rangi ndani, maana umepakwa mara tatu na haujapanuka. Ufa mpya una kingo kali na unga mweupe chini yake, na huo utaukuta kwenye nyumba ambazo hazijamaliza hata mwaka wa pili, kwa sababu msingi ulimwagwa kiangazi juu ya udongo mfinyanzi ambao mjengaji hajawahi kuuona ukilowa.

Na tofali je? Nenda kwenye uwanja wowote wa kufyatulia matofali pembezoni mwa jiji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unalazimishwa kutoa matofali mengi kuliko unavyoweza, kwa sababu mteja anauliza bei na haulizi uwiano. Zege na tofali vinahitaji kumwagiwa maji siku kadhaa ili saruji ikomae. Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28. Tofali la biashara linapakiwa kwenye gari likiwa na siku tatu, limekauka kwa jua, na ukilikwaruza kwa ufunguo linakuachia mchanga mkononi. Hilo ndilo linalowekwa kwenye ukuta ambao tunaambiwa utatupa usingizi kwa kuwa ni mpya.

Kuna nyumba za zamani ambazo hata mimi nisingezigusa kwa ajili ya kuta zake. Nyingi za Manzese, Buguruni na Tandika zilianza kwa miti na udongo, kisha zikavikwa plasta ya saruji. Ukigonga ukuta unasikia uwazi, na ndani mchwa wameshamaliza fito. Ukinunua hiyo, umenunua mahali, na bei iwe ya mahali. Ninachokataa ni kuitupa nyumba ya matofali yenye lenta nzima kwenye kapu moja na hiyo, kwa kosa la kuzaliwa mapema.

Hoja ya pili: ukijenga unapata kitu kipya

Hapa ndipo hoja yao inapojipinga yenyewe. Nawauliza: kipya lini?

Watu wetu hawajengi kwa mwaka mmoja. Wananunua kiwanja, wanapumzika mwaka. Wanachimba msingi, wanamwaga jamvi, hela inakwisha. Mtoto anaingia kidato cha kwanza. Baba anaugua, anazikwa. Kozi zinapanda mpaka kwenye madirisha, kisha lenta, kisha boma linakaa. Tembea kutoka Pugu kwenda Chanika, au vuka kwenda ndani ya Kigamboni, uhesabu maboma. Nguzo zimechomoza nondo juu kama vidole, na nondo zimeshaliwa na kutu. Ndani ya chumba kitakachokuwa cha kulala umeota mpapai, na umeshazaa. Mvua imeingia kwenye matundu ya tofali kila masika, chumvi imepanda ukutani, kozi ya juu imelegea. Mwenyewe anapopata hela ya kupaua, mwaka wa nane, anapaua juu ya kuta zenye miaka sita ya kunyeshewa bila kofia. Nyumba ya Temeke haijawahi kunyeshewa hivyo hata siku moja tangu ijengwe.

Siku anayohamia, akipika pilau na kualika watu, nyumba hiyo tunaiita mpya. Ina miaka kumi au kumi na miwili. Msingi wake ulimwagwa na fundi mmoja, kuta zikapandishwa na wa pili, paa likawekwa na wa tatu, na hakuna hata mmoja anayejibu kwa kazi ya mwenzake.

Na muda wote huo mwenye nyumba aliishi wapi? Alipanga. Tuseme alilipa kodi ya shilingi 200,000 kwa mwezi kwa miaka kumi. Hiyo ni shilingi milioni 24, zilizolipwa miezi sita sita mbele, na hakuna anayeziandika kwenye gharama ya nyumba yake. Ukimuuliza nyumba ilimgharimu kiasi gani, atakutajia saruji, nondo na bati. Kodi ameisahau, ingawa aliilipa kwa sababu ya ujenzi huo huo. Wanaotushauri hivi wenyewe wengi wao ni wapangaji wa Temeke, Ilala, Magomeni na Sinza, ndani ya nyumba hizo hizo wanazoziita zimechoka. Nyumba ambayo haifai kununuliwa inafaaje kulelea watoto wako miaka kumi, kwa hela inayomjengea mtu mwingine?

Hata serikali, yenye wahandisi na bajeti, haiponi na gharama ya kusubiri. Nyumba za Magomeni Kota zilibomolewa na kaya 644 zikatawanyika, kwa ahadi ya maghorofa mapya. Maghorofa yalikuja na yanaonekana. Yalizinduliwa Machi 2022, takriban miaka kumi baada ya watu kuondoka. Waliokuwa wazee siku ya kubomolewa, si wote waliorudi.

Hoja ya tatu: kiwanja cha pembezoni ni bei nafuu

Bei yake ni nafuu kwa sababu mji haujafika. Siku ukinunua, kazi ya kuuleta mji inakuwa yako.

Nguzo za umeme ni zako, au zako na majirani watatu ambao wawili hawajaanza kujenga. Maji ni kisima. Ukichimba ukapata ya chumvi, unanunua ya boza na kuyapandisha kwenye tangi, na lita moja inakugharimu kuliko anavyolipa mtu wa bombani mjini. Barabara ni njia ya mashamba ambayo masika huigeuza mfereji, kwa hiyo mtaa mnachangishana vifusi. Ulinzi ni ukuta, geti, mbwa na taa. Shule, zahanati, soko, msikiti au kanisa, vyote vina nauli ya bodaboda. Hata wale waliopata bahati ya viwanja vilivyopimwa wakati wa mpango wa serikali wa viwanja 20,000, ulioanza 2002 huko Bunju, Mbweni, Toangoma, Gezaulole na kwingineko, walipewa hati mapema na kuyasubiri maji na barabara kwa miaka. Na hao ndio waliofuata taratibu zote.

Lakini gharama kubwa kuliko zote hailipwi kwa shilingi, ndiyo maana haimo kwenye hesabu za vikao vya familia. Mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta anaamka saa kumi alfajiri. Tuseme anatumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, jambo la kawaida kabisa. Siku 22 za kazi kwa mwezi, hizo ni saa 88. Kwa miezi 11, ukitoa likizo, ni saa 968. Zigawe kwa 24: siku arobaini, mchana na usiku wake, kila mwaka, amesimama ndani ya daladala. Arobaini ya maisha yake kila mwaka. Akistaafu baada ya miaka 25, atakuwa ametumia zaidi ya miaka miwili na nusu mizima barabarani, bila kulala.

Watoto ndio wanaolipa riba. Baba anaondoka wamelala na kurudi wamelala. Mtoto wa darasa la tatu anayesoma mjini, kwa sababu shule ya karibu imejaa au haipo, anasimama kituoni gizani na makondakta hawataki nauli ya mwanafunzi. Nimewahi kukaa pembezoni miaka minne. Binti yangu alijifunza kulala amesimama. Nililiona hilo kwa macho yangu asubuhi moja, kashikilia bomba la daladala kwa mikono miwili, kichwa kimeegemea mfuko wa mtu asiyemjua, na siku ile nilielewa kuwa kile kiwanja cha bei nafuu alikuwa akinilipia yeye. Mwaka uliofuata tulirudi mjini, kwenye nyumba yenye umri unaonizidi.

Mji nao unalipa. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Dar es Salaam ilitoka watu milioni 4.36 kufika milioni 5.38. Kila familia ikifuata ushauri wa baba mkubwa, milioni hiyo moja inatandazwa kwa nyumba za chini kuelekea Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, juu ya mashamba ya mihogo na minazi yaliyokuwa yakitulisha. Mchanga wa tofali unachotwa kwenye mito mpaka kingo zinaanguka na nyumba za kando zinaning'inia. Halafu tunakaa kwenye foleni ya saa mbili na kulalamika kuwa jiji halina mipango. Foleni hiyo tumeijenga sisi, kiwanja kwa kiwanja, huku katikati ya mji nyumba za vyumba sita zikikaliwa na bibi mmoja na mjukuu wake, wakisubiri mnunuzi ambaye ameambiwa asinunue gofu.

Hoja ya nne: utajenga utakavyo

Mngekuwa mnajenga mtakavyo, nyumba zenu zisingefanana. Watu wanajenga picha waliyotumiwa kwenye simu.

Tazama hiyo wanayoiita kontempo. Paa limefichwa nyuma ya ukuta, halionekani, bati limelala karibu tambarare na maji yote yanaelekezwa kwenye mfereji mmoja uliozungukwa na kuta. Jani la mwarobaini likiziba tundu, bwawa linajaa juu ya dari. Mtindo huo umebuniwa kwa watu wenye mvua za rasharasha. Sisi tuna masika. Mwulize fundi bati yeyote wa jiji hili kazi gani inamlisha mwezi wa Aprili. Nyumba ya zamani ina paa la mgongo, upenu uliotoka nje futi mbili au tatu, na maji yanaanguka mbali na ukuta. Hakuna cha kuziba.

Madirisha ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Umelipia dirisha la futi tano, umepata hewa ya futi mbili na nusu. Upenu hakuna, kwa hiyo jua la saa tisa linapiga kioo moja kwa moja na jasi ya dari imeshushwa chini kwa ajili ya taa za urembo. Kisha inanunuliwa feni, kisha kiyoyozi, kisha umeme wa LUKU unakwisha tarehe kumi. Waliojenga Temeke, Ilala na Kariakoo hawakuwa na umeme wa kutegemea. Waliacha matundu ya hewa chini ya paa, wakaweka ukumbi unaopita kutoka mlango wa mbele hadi uani, na upepo wa bahari ukawa unaingia huku na kutokea huko. Ukikaa kwenye mkeka ukumbini saa nane mchana mwezi Februari utakielewa nilichosema bila kuhitaji maelezo.

Kuna jambo jingine kuhusu umbo hilo. Vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, kila kimoja na mlango wake. Mwenye nyumba akifiwa na mume anaweza kupangisha viwili na kula. Mtoto akioa kabla ya kupata kwake, anapewa chumba. Mwaka mbaya ukija, nyumba inajibana. Mzuri ukija, inajiachia. Ile mpya yenye sebule ya kupokelea wageni mara mbili kwa mwaka na chumba kikuu chenye bafu lake haigawanyiki. Mjane anabaki nayo yote, anaifagia yote, na haimpi hata shilingi. Na mbele ya nyumba ya zamani kuna baraza, ambako jirani hukaa bila kualikwa, na ndiye atakayepiga kelele ukiibiwa au ukianguka bafuni. Ukuta wa futi nane wenye nyaya juu unamzuia mwizi, na unamzuia yeye pia.

Choo cha uani, ndiyo, ni adha kwa mzee usiku wa mvua. Kinahamishika. Fundi mmoja, wiki chache, bomba na chemba. Huwezi kumwita fundi akuhamishie Chanika karibu na Muhimbili.

Hoja ya tano: nyumba ya urithi ni kesi

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, na siichezei. Watu wamelipa, wamehamia, kisha wamepokea samansi. Hata hivyo tusiipime nyumba ya zamani kwa kesi zake na kiwanja kipya kwa ahadi za dalali.

Kiwanja cha shambani nacho kina ukoo nyuma yake. Shamba lilikuwa la babu. Vijana wawili wameligawa kwa hatua za miguu na kuliuza vipande ishirini, ndugu yao wa tatu yuko Morogoro hana habari. Karatasi unayopewa ni ya mauziano, imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na kipande hicho hicho kinaweza kuwa na karatasi nyingine yenye muhuri huo huo. Mashahidi ni dalali na rafiki wa dalali. Ramani ya mji unaikuta baadaye, anapokuja mtu kupiga alama ya X nyekundu ukutani. Kimara nayo iliwahi kuwa pembezoni. Mwaka 2017 nyumba kutoka Kimara kuelekea Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na wapo waliokuwa wameitumia akiba ya maisha yote pale.

Tofauti iko hapa: mgogoro wa nyumba ya zamani unaonekana ukiutafuta. Nyumba ipo, majirani wapo, watu wa mtaa wanajua nani alizaliwa chumba kipi. Unaomba barua za usimamizi wa mirathi zilizotolewa na mahakama, na unakwenda mahakamani kuhakikisha ni za kweli. Unafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kama nyumba ina hati. Unaitisha kikao cha warithi wote, wasaini wote, na hela ziingie kwenye akaunti ya mirathi, zisipite mkononi mwa mtu. Muuzaji akiwa na mume au mke, unataka ridhaa ya mwenzake kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya wanandoa, na mnunuzi asiyeuliza analia peke yake. Kazi hiyo inachosha. Inachukua miezi na wakili anataka chake. Mrithi mmoja akikataa kusaini, ondoka, hata kama mwembe umekupendeza.

Kwenye kiwanja kipya wa kumuuliza hayupo. Jirani wa kushoto amenunua mwezi jana, wa kulia hajulikani.

Wiki mbili baada ya kile kikao nilimpigia simu mpwa wangu, tukaenda Temeke pamoja. Nilichukua tochi, msumari mrefu na kipande cha uzi chenye jiwe. Ilikuwa imenyesha usiku, kama nilivyotaka, kwa sababu nyumba hukaguliwa siku ya mvua. Bibi mwenye nyumba alitupokea barazani, akatupitisha chumba kwa chumba akijishikilia ukutani. Chumba cha pili kushoto alisimama. "Hapa pananyonya maji, wajukuu zangu. Bati la juu lilitobolewa na embe. Msidanganywe na rangi, mwanangu kaipaka juzi." Nikachoma msumari, ukaingia sentimita moja kwenye plasta ukagota kwenye tofali. Kenchi nilizigonga zote. Mbili zimeliwa, nyingine zinalia kama ngoma kavu. Nyaya za umeme ni za kubadilisha nyumba nzima, na nikamwambia mpwa aziondoe kwenye bei.

Uani, chini ya mwembe, kijana alimuuliza bibi kuhusu mafuriko. Bibi alinyanyua fimbo yake akaielekeza kwenye ngazi za mlango wa nyuma, ziko tatu. "Mwaka wa El Niño yalifika ya kwanza. Ile Desemba ya 2011 walipokufa watu mabondeni, yalifika ya pili. Ya tatu hayajawahi kuigusa, na mimi hapa nimeingia nikiwa bibi harusi."

Mpwa wangu alichuchumaa akazipima zile ngazi kwa kiganja. Kisha akaniomba ule msumari, akarudi ndani peke yake.